Mtoto anapoingia nyambizini, mzazi ajifunze ukimya

Na Mwandishi Wetu

MZAZI ambaye mtoto wake amechagua kazi ya nyambizi katika Jeshi la Wanamaji la Marekani atafika siku ambayo simu yake haitapokelewa, ujumbe wake hautajibiwa, na hakuna ofisa atakayemweleza mtoto huyo yuko bahari gani.

Hali hiyo inaweza kuendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Wala si dalili kwamba kuna jambo baya limetokea. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa nguvu ya nyambizi ni kutojulikana ilipo.

Kwa familia zilizotoka Kenya, Tanzania, Kongo na nchi jirani na kuhamia Marekani, ukimya wa namna hiyo ni mgeni. Katika familia hizo ugonjwa, harusi na msiba hutangazwa saa hiyo hiyo, na asiyeitikia huulizwa kulikoni. Kijana wao anapojiunga na nyambizi, ukoo mzima, hadi bibi aliyebaki Tanga au shangazi aliyeko Kisumu, unalazimika kujifunza desturi nyingine.

Aidha, jirani wa kumuuliza hapatikani kwa urahisi. Kenya na Tanzania zina majeshi ya wanamaji, lakini hazina nyambizi. Barani Afrika vyombo hivyo vimo katika majeshi ya nchi chache, zikiwamo Misri, Algeria na Afrika Kusini. Mzee aliyetumikia jeshi nyumbani anaweza kumfundisha mjukuu nidhamu ya gwaride, lakini maisha ya chini ya maji hakuyaonja.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa ni kwamba sehemu kubwa ya msaada wake hufanyika kabla mlango wa nyambizi haujafungwa. Ukishafungwa, yaliyosahaulika ni vigumu kuyatengeneza.

Sahihi ya mzazi

Sheria za Marekani zinamruhusu kijana wa miaka 17 kujiunga na jeshi iwapo mzazi au mlezi wake ametia sahihi ya kukubali. Akifikisha miaka 18, uamuzi ni wake mwenyewe.

Kazi ya nyambizi huchukuliwa kuwa ya hiari hata ndani ya jeshi lenyewe. Kijana anaweza kuwa baharia wa meli za kawaida asiwe wa nyambizi. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kumuuliza mwanawe maswali mawili tofauti: kwa nini jeshi, na kwa nini nyambizi.

Suala la uraia nalo si dogo. Mkazi wa kudumu asiye raia anaweza kuandikishwa katika Jeshi la Wanamaji, lakini kazi za nyambizi hufungwa kwa asiye raia, kwa sababu zinahitaji kibali cha kuona siri za serikali.

Familia nyingine huwa na jibu la suala hilo bila kujua. Chini ya Sheria ya Uraia wa Watoto iliyoanza kutumika Februari 27, 2001, mtoto mwenye ukazi wa kudumu ambaye hajatimiza miaka 18, na anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi aliye raia, hupata uraia bila kuapishwa. Jambo linalobaki ni kutafuta hati ya kuuthibitisha, na kazi hiyo ni vema ianze mapema.

Hata hivyo, uraia huo una upande wake wa pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Familia ya Kitanzania inapaswa kulijadili hilo mezani, na si siku ya kusafiri.

Baada ya hapo hufuata uchunguzi wa historia ya kijana. Hujaza fomu ndefu inayouliza alikoishi, safari alizofanya nje ya nchi, madeni yake, na ndugu pamoja na marafiki wa karibu walioko nchi za kigeni. Hapo mzazi ndiye kumbukumbu ya nyumba. Ndiye anayejua tarehe ya kuzaliwa kwa baba mkubwa, mwaka ambao familia ilitoka kambini au kupanga chumba Eastleigh, na majina ya ndugu kama yalivyoandikwa katika hati.

Kuwa na ndugu ng'ambo peke yake hakumwondolei mtu sifa. Kinachoharibu ni kuficha. Mzazi anayemshauri mwanawe aliache jina fulani ili mambo yaende haraka humwekea mtego, kwa kuwa uongo katika fomu hiyo ni kosa kisheria na unaweza kumaliza kazi kabla haijaanza.

Vivyo hivyo, mkataba usomwe kwa utulivu. Ahadi ya mdomo ya ofisa mwandikishaji haina nguvu ikiwa haimo katika karatasi. Anayejiunga kwa mara ya kwanza kwa kawaida hubeba wajibu wa miaka 8 kwa jumla, sehemu yake katika utumishi wa kudumu na iliyobaki katika akiba. Wanaochaguliwa kuendesha mitambo ya nyuklia hutia sahihi ya miaka 6 ya utumishi wa kudumu.

Ngazi tatu za mafunzo

Askari wote wapya wa Jeshi la Wanamaji wasio maofisa hupitia kambi moja, iliyoko Great Lakes, jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan. Mwaka 2025 muda wa mafunzo hayo ulipunguzwa kutoka wiki 10 hadi wiki 9.

Huko ndiko mzazi anakoanza kuonja ukimya. Kijana hukabidhi simu yake, na mawasiliano ya sauti huwa machache na mafupi. Barua ya karatasi, ambayo wengi walikwisha kuisahau, hurudi kuwa kitu cha thamani.

Barua nzuri kwa kuruta ni fupi na ya kawaida: mvua imenyesha, mdogo wake amefaulu, paka amezaa. Barua ya kilio au ya malalamiko ya ada na kodi ya nyumba humfikia mtu asiye na uwezo wa kufanya lolote, naye hulala nayo.

Mafunzo hayo hufikia kilele katika jaribio la usiku kucha liitwalo Battle Stations. Makuruta huzima moto, huzuia maji yasiingie na kuokoa wenzao katika meli ya kuigiza iliyojengwa ndani ya jengo. Wakihitimu, familia hualikwa kwenye gwaride. Mzazi anayeweza kumudu nauli asiikose siku hiyo.

Ngazi ya pili kwa wengi wa wanaokwenda nyambizini ni Groton, jimbo la Connecticut, iliko shule ya nyambizi. Pale kijana hujifunza muundo wa chombo, namna ya kuzima moto mahali pasipo na dirisha, namna ya kuziba bomba lililopasuka huku maji yakimpiga kifuani, na namna ya kutoka nje ya nyambizi iliyokwama. Hupimwa pia iwapo mwili na akili yake vinaweza kuvumilia kazi hiyo.

Kando ya kituo hicho kuna makumbusho yanayohifadhi Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nyuklia. Ilishushwa majini mwaka 1954, na Agosti 3, 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Kuingia ni bure. Mzazi anayepita katika vijia vyake vyembamba na kuona vitanda vilivyopandana hadi darini huelewa kwa dakika chache jambo ambalo mwanawe hawezi kumweleza kwa simu.

Ngazi ya tatu ni ya wale wa nyuklia. Wao hupelekwa Goose Creek, jimbo la South Carolina. Huanza na shule ya ufundi wa fani yao, kisha miezi 6 ya fizikia, hisabati, kemia na elimu ya vinu, kisha takriban miezi 6 mingine ya kufanya kazi kwenye kinu halisi, huko huko South Carolina au jimbo la New York.

Shule hiyo inajulikana kwa ugumu. Jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutoka na daftari lake. Masomo ni siri, hivyo husomwa na kurudiwa ndani ya jengo lenye ulinzi, wakati mwingine hadi usiku.

Mzazi aliyezoea kukagua kazi ya shule kila jioni hana la kukagua. Akiuliza "mmesoma nini leo?" atajibiwa kwa ufupi au hatajibiwa. Swali linalosaidia ni jingine: umelala saa ngapi, umekula nini, una rafiki wa kusoma naye?

Wapo wanaoshindwa mitihani, na wapo wanaogundua njiani kwamba hawakuumbiwa maisha hayo. Kwa kawaida jeshi huwapangia kazi nyingine. Kijana anayeogopa aibu ya ukoo, kwa sababu mama alikwisha kutangaza kanisani au msikitini kwamba mwanawe ni mhandisi wa nyuklia, anaweza kuficha mateso yake mpaka yamzidi. Msaada hapo ni kumwambia mapema, kabla ya mtihani wowote, kwamba mlango wa nyumbani uko wazi kwa hali yoyote atakayorudi nayo.

Chini ya maji kuna nini

Hofu ya kwanza ya wazazi ni pumzi. Nyambizi ya nyuklia hutengeneza oksijeni yake kwa kupasua maji kwa umeme, na hewa ya ukaa inayotolewa na mabaharia husafishwa kwa kemikali. Maji ya kunywa hutokana na maji ya bahari. Kinachoirudisha bandarini mara nyingi si hewa wala mafuta, ni chakula kuisha.

Marekani ina nyambizi za aina mbili kubwa. Zile za mashambulizi, kama za daraja la Virginia, hubeba watu wapatao 130 na husafiri kwa miezi kama 6, zikitia nanga bandari mbalimbali. Zile za makombora ya nyuklia, za daraja la Ohio, zina urefu wa meta 170 na watu wapatao 150, na kwa wastani hukaa baharini siku 77, kisha siku 35 za matengenezo.

Kila nyambizi ya makombora ina vikundi viwili vya mabaharia, Bluu na Dhahabu, vinavyopokezana. Kimoja kikiwa baharini, kingine huwa nchi kavu kikifanya mazoezi na kupumzika. Mzazi akijua mtoto wake yuko kundi lipi, anaweza kukisia majira ya mwaka ya kumwona, ingawa hatapewa tarehe.

Ndani nafasi ni ndogo. Katika nyambizi za mashambulizi hutokea watu watatu wakagawana vitanda viwili, mmoja akiamka kwenda zamu mwingine akilala. Kwa miongo mingi siku ya baharia ilikuwa ya saa 18. Katikati ya miaka ya 2010 jeshi lilirudisha siku ya saa 24, yenye zamu za saa 8, ili miili ipate usingizi wa kueleweka.

Wasichana nao wamo. Marufuku ya wanawake kufanya kazi nyambizini iliondolewa mwaka 2010, maofisa wa kwanza wa kike wakaanza kazi mwaka uliofuata, na mabaharia wa kawaida wa kike wakafuata baadaye katika muongo huo. Septemba 2024 ilizinduliwa New Jersey, nyambizi ya kwanza ya mashambulizi ya Marekani kujengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mabaharia wa jinsi zote mbili.

Hofu ya pili ni ajali, na hapo mzazi anastahili ukweli. Aprili 10, 1963 nyambizi Thresher ilizama ikiwa katika majaribio na kuua watu 129. Mwaka huo huo Marekani ilianzisha mpango wa ukaguzi uitwao SUBSAFE, unaodai kila kifaa kinachozuia maji ya bahari kithibitishwe. Mei 1968 Scorpion, ambayo haikuwa imekamilisha ukaguzi huo, ilipotea na watu 99. Tangu hapo Marekani haijapoteza nyambizi nyingine baharini.

Hilo halimaanishi kwamba hatari imekwisha. Januari 2005 nyambizi San Francisco iligonga mlima wa chini ya bahari; baharia mmoja alifariki dunia na wengi wakajeruhiwa, lakini chombo kilielea na kurudi bandarini. Baada ya kustaafishwa kilifanywa darasa la kuelea huko South Carolina, ambako wanafunzi wa nyuklia hujifunzia. Oktoba 2021 nyambizi Connecticut nayo iligonga mwamba katika Bahari ya Kusini ya China na kurudi.

Ukimya na msiba

Sababu ya ukimya ni ya kifundi. Mawimbi ya redio hupenya maji ya bahari kwa shida. Nyambizi iliyo chini inaweza kupokea ujumbe mfupi unaotumwa kwa mawimbi ya masafa ya chini sana, lakini ili yenyewe itume ujumbe kwa kawaida hulazimika kupandisha antena na kujihatarisha kujulikana. Nyambizi ya makombora, ambayo kazi yake yote ni kujificha, husikiliza bila kujibu.

Zamani familia ziliruhusiwa kutuma ujumbe wa makumi machache tu ya maneno, uliosomwa na kukaguliwa kabla ya kufika, na baharia hakuweza kuujibu. Siku hizi kuna barua pepe, lakini hukusanywa na kupelekwa kwa mafungu chombo kinapopata nafasi. Barua inaweza kufika baada ya siku nyingi, na ya Jumatatu ikatangulia ile ya Ijumaa iliyopita. Wazazi wenye uzoefu huziwekea namba.

Swali zito zaidi kwa familia ya Kiafrika ni hili: akifa mtu nyumbani, mtoto ataambiwaje?

Njia rasmi ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani. Familia hutoa taarifa, shirika huithibitisha kwa daktari, hospitali au wanaohusika na maziko, kisha huipeleka kwa wakuu wa baharia. Shirika halitoi ruhusa ya kusafiri. Uamuzi wa lini aambiwe, na kama anaweza kuondoka, ni wa makamanda.

Kama chombo kiko katika doria ya siri, mara nyingi hakiwezi kukatiza safari kwa ajili ya mtu mmoja. Huenda habari ikangoja hadi doria iishe, kwa sababu baharia mwenye huzuni mpya asiye na mahali pa kwenda ni mzigo kwake na hatari kwa wenzake.

Katika Pwani maiti huzikwa siku hiyo hiyo au kesho yake, na arobaini husomwa baada ya siku 40. Doria ya siku 77 inaweza kuanza mtu akiwa hai na kuisha matanga yamekwisha kuanuliwa zamani. Familia isiyolijua hilo huweza kumhukumu kijana kwamba alimtupa bibi yake.

Kwa sababu hiyo mazungumzo magumu hufanyika kabla ya safari. Kijana aseme angependa kuambiwa nini na nini kisubiri. Mzee mgonjwa aagwe vizuri, kwa maneno kamili, si kwa "tutaonana". Na ukoo uambiwe waziwazi kwamba kutokuwapo kwake hakutahesabiwa kuwa dharau. Familia inaweza hata kukubaliana kuweka siku ya dua au ibada ndogo atakaporudi.

Ndugu katika karatasi

Kikwazo kingine ni jinsi karatasi za Marekani zinavyohesabu ndugu. Ruhusa ya dharura kwa kawaida hutolewa kwa ajili ya jamaa wa karibu kabisa: wazazi, mke au mume, watoto na ndugu wa kuzaliwa. Mama mdogo huandikwa shangazi, na baba mkubwa huandikwa mjomba. Wote huwekwa mbali.

Lakini taratibu hizo zinamtambua pia mtu aliyesimama mahali pa mzazi. Kama kijana alilelewa na bibi au mama mdogo, jambo hilo lielezwe kwa wakuu wake mapema na kwa maandishi, likiwa na miaka aliyolelewa. Kulieleza siku ya msiba ni kuchelewa.

Kijana pia hujaza hati ya watu wa kuarifiwa iwapo yeye mwenyewe atapatwa na jambo. Majina na namba za simu ziwe sahihi, na mtu mmoja wa kupokea taarifa achaguliwe ili kusiwe na habari tano tofauti katika ukoo mmoja.

Kwa upande wake, mzazi aweke mahali pamoja jina kamili la mwanawe kama lilivyoandikwa jeshini, cheo, tarehe ya kuzaliwa na jina la chombo. Msalaba Mwekundu huuliza hayo. Kama mgonjwa yuko Mombasa au Kigoma, jina la hospitali na la daktari ni sehemu ya taarifa.

Kila nyambizi ina pia mtu wa kujitolea, mara nyingi mke au mume wa baharia, aliyeteuliwa na kamanda kuwa kiungo na familia. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1970 na Admirali Elmo Zumwalt. Wazazi wengi wa mabaharia wasiooa hawapati taarifa zake kwa sababu moja tu: mtoto hakuwaandikisha. Mzazi amkumbushe kuliweka jina lake katika orodha.

Ulimi wa ukoo

Baharia hufundishwa kutunza siri, lakini shangazi yake hakufundishwa. Ujumbe mmoja katika kundi la WhatsApp la familia, unaosema kijana anaondoka Alhamisi na atapita Guam, unaweza kusambazwa hadi kwa watu asiowajua mtu yeyote wa ukoo huo.

Tarehe za kuondoka na kurudi, majina ya bandari, hitilafu za chombo na idadi ya mabaharia si habari za kutangaza. Picha ya gwaride la kuhitimu haina madhara. Tarehe ya kurejea inaweza kusababisha hata safari kubadilishwa.

Mshahara nao huvuta maneno. Baharia wa nyambizi hulipwa posho ya ziada, na ukoo husikia. Akiwa chini ya maji hana njia ya kujibu maombi ya ada, mahari na matibabu yanayorundikana kwenye simu yake. Mzazi anaweza kuwa ukuta wake. Ni vema akubaliane na mwanawe kiasi maalumu cha kusaidia nyumbani, kilipwe kwa utaratibu, na mengine yasubiri.

Kabla ya kuondoka kijana huandaa hati ya kumpa mtu anayemwamini mamlaka ya kushughulikia gari, kodi na benki. Hukagua pia nani ameandikwa mnufaika wa bima yake ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Katika mfumo wa pensheni ulioanza mwaka 2018, serikali huongeza mchango katika akiba ya askari hadi asilimia 5 ya mshahara wa msingi, iwapo yeye mwenyewe anachangia kiasi hicho. Kijana wa miaka 19 asiyeambiwa hilo huacha fedha mezani.

Dalili za kuangalia

Mzazi hawezi kumwona mwanawe akiwa baharini, lakini anaweza kumsikiliza akiwa nchi kavu. Kukosa usingizi, kuacha kula, kugawa vitu vyake, kunywa pombe kupita kiasi au kusema kwamba hana maana ni mambo yasiyopaswa kusubiri likizo.

Viongozi wa dini wa jeshi hutunza siri ya anayewaendea. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2021 inampa askari haki ya kumwomba mkuu wake apelekwe kupimwa afya ya akili bila kulazimishwa kueleza sababu. Nchini Marekani simu ya msaada wa dharura ni 988, na askari hubonyeza 1. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwanamume hufundishwa kujikaza. Mzazi akiwa wa kwanza kusema kwamba kuomba msaada si udhaifu, neno lake lina uzito kuliko bango la kambini.

Wapo mabaharia wanaosherehekea nusu ya safari kwa usiku maalumu. Katika baadhi ya nyambizi familia huruhusiwa kuandaa kisanduku kidogo, kikakabidhiwa kabla ya safari na kufunguliwa usiku huo. Nafasi ni ya kuhesabu. Kashata chache, picha na barua iliyoandikwa kwa mkono hutosha.

Takriban mwaka mmoja wa kwanza chomboni baharia mpya hujifunza kila mfumo na kuhojiwa na wakubwa wake, mabomba, umeme, hewa na moto, mpaka waridhike kwamba anaweza kuokoa maisha yao. Akifaulu huvishwa beji ya pomboo, ya fedha kwa mabaharia na ya dhahabu kwa maofisa. Haitolewi shuleni wala hainunuliwi kwa cheo.

Siku ya kurudi, mzazi atatamani kuuliza alikuwa wapi na aliona nini. Kijana hataweza kusema, na pengine hakuona chochote isipokuwa kuta na taa. Atataka kulala, kuona jua na kula chakula cha nyumbani. Kisha, kama kuna aliyefariki dunia wakati akiwa chini ya maji, atataka kupelekwa kaburini. Mzazi aliyejiandaa atakuwa amekwisha kuiandaa safari hiyo.